Dada Akichoka Mazoezini Sio Lazima Awe Mvivu!

Wadau, kuna kocha mmoja wa mazoezi hapa Dar, jina kapuni, ana tabia ya kuwarekodi wadada wakihema wakati jogging haijafika hata nusu, halafu anawaposti na kuwaita wavivu. Watu wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha hapo.

Ukweli ni huu: mwili wa mwanamke hauna joto lile lile mwezi mzima. Yai likishatoka, homoni ya projesteroni inapanda, na joto la mwili linapanda nalo kama nyuzi 0.3 mpaka 0.5 hivi. Linabaki juu mpaka anapokaribia kuingia siku zake. Kwa hiyo anaanza kukimbia tayari ana joto la ziada, na jasho nalo linachelewa kuanza kutoka. Ongeza na unyevunyevu wa Dar, hata likitoka halikauki. Si ajabu mbio zile zile za wiki iliyopita akaziona nzito.

Sisemi wadada waache mazoezi, hapana. Wengi wanakimbia freshi tu siku zote, na mwili ukizoea unahimili. Ninachosema, mwenye mwili ndiye anaujua. Akiomba maji, mpe. Akitaka kukaa kivulini, mwache. Joto likizidi mtu anazimia kweli. Na hiyo video utaiposti?

Wadada wa mazoezi, hili mnaliona? Tiririkeni hapo chini.