Kongamano la Mikopo ya Masomo: Maiki Iko kwa Nani?



Juzi nilikaa kiti cha nyuma kabisa kwenye kongamano moja hapa mjini. Mada ilikuwa pesa za masomo: mikopo, ufadhili, basari. Ukumbi mzuri, baridi ya kiyoyozi, chai na sambusa. Mlangoni nilipewa kijitabu cha ratiba chenye picha za wazungumzaji wakuu. Nikaanza kuhesabu. Wakurugenzi wapo. Maprofesa wapo. Watu wa benki wapo. Mwanafunzi anayedaiwa karo? Hakuna. Mama anayeuza mboga Kayole akisomesha watoto watatu? Hakuna. Vijana wa rika letu niliowaona walikuwa wanagawa chupa za maji.

Sikuandikii haya ili tuwatukane wale waliosimama jukwaani. Wengine waliongea vizuri na kazi yao wanaijua. Nakuandikia kwa sababu siku ile niligundua kitu ambacho nataka tukibebe sote: shida inayotajwa jukwaani ndiyo inayotafutiwa dawa. Ile isiyotajwa inapanda matatu na mwenyewe, inarudi naye mtaani.

Wacha nikwambie shida moja ambayo haikutajwa siku nzima. Kuna kijana wa Majengo ninayemfahamu. Alipata alama nzuri, akaitwa chuo kikuu. Marafiki zake wakaenda saiba kujaza fomu ya mkopo. Yeye akasimama kwenye neno moja: riba. Mkopo wa kawaida wa shahada kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita Helb, una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Akamuuliza babake, babake akamuuliza ustadh, ustadh akasema lake, mjomba akasema lingine. Mwisho tarehe ya fomu ikapita. Leo anabeba mizigo Gikomba, na barua yake ya chuo iko chini ya godoro.

Mimi si shehe na sitoi fatwa hapa. Wako wanazuoni wanaosema hali ya dharura ina hukumu yake, na wako wanaokataa kabisa. Hilo muulize unayemwamini katika dini. Langu ni swali la haki ya raia. Je, kijana anapaswa kuchagua kati ya dini yake na digrii yake?

Katiba yetu ya 2010 imejibu. Kifungu cha 32(3) kinasema mtu hawezi kunyimwa nafasi katika taasisi, kazi au huduma, wala kunyimwa haki yoyote, kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu. Kwa hivyo ukiuliza njia ya mkopo isiyo na riba, hujaomba upendeleo wala hujaleta udini. Umesoma tu sheria ya nchi yako.

Na usiambiwe jambo hili haliwezekani. Tangu 2008 Kenya ina benki zinazofuata sharia, na matawi yake unayapita hapo Eastleigh ukienda dukani. Malaysia, mfuko wa mikopo ya wanafunzi uitwao PTPTN ulitoka kwenye riba, ukaweka ujira wa huduma wa asilimia 1. Jirani zetu Tanzania hawakuwa wakijadili sharia, lakini tazama walichofanya. Wanafunzi waliokopa walikuwa wanaongezewa asilimia 6 kila mwaka, ikiitwa tozo ya kulinda thamani ya mkopo. Siku ya Wafanyakazi, Mei 1, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Mwanza na kutangaza kuifuta. Hotuba moja, na mzigo wa maelfu ya watu ukapungua. Ndiyo nakwambia: nani anashika maiki ni jambo kubwa.

Lakini hotuba peke yake haitoshi. Oktoba 2013 waziri mkuu wa Uingereza, David Cameron, alisimama kwenye kongamano la uchumi wa Kiislamu mjini London na kuzungumzia mikopo ya wanafunzi inayofuata sharia. Watu wakapiga makofi. Mwaka 2014 serikali yake ikaomba maoni, na majibu kama 20,000 yakaingia. Sheria ya kuruhusu jambo lenyewe ikaja 2017. Kufika 2023, miaka 10 baada ya yale makofi, hakuna mwanafunzi aliyekuwa amepokea hata pauni moja kwa njia hiyo, na serikali ilikuwa inasema wasubiri mpaka 2025 ipite. Aliyetoa ahadi alishaondoka madarakani zamani. Vijana Waislamu waliomaliza sekondari mwaka ule wa hotuba walishakuwa wazazi.

Kwa hivyo tunahitaji vitu viwili: mtu wetu mbele kwenye maiki, na watu wetu nyuma wakifuatilia.

Sasa tuje nyumbani. Mei 2023 serikali ilitangaza mpango mpya wa kugharimia vyuo vikuu. Badala ya chuo kupewa pesa kwa jumla, kila mwanafunzi anapimwa uwezo wa nyumbani kwao, halafu anawekwa kwenye kundi. Mwaka 2024 makundi yakawa bendi tano, na mgawo wa mwaka ule ulikuwa hivi. Familia yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi iko bendi ya kwanza: ufadhili asilimia 70, mkopo asilimia 25, mzazi asilimia 5. Bendi ya pili inaishia shilingi 23,670, na hapo mzazi analipa asilimia 10. Bendi ya tatu inaishia 70,000, mzazi analipa asilimia 20. Ya nne inaishia 120,000, asilimia 30. Ya tano ni juu ya hapo, asilimia 40.

Hebu chukua kalamu. Tuseme kozi yako inagharimu shilingi 200,000 kwa mwaka. Nyumba inayopata 23,500 kwa mwezi itatafuta 20,000 kwa mwaka. Jirani yao wa mlango wa pili, anayepata 24,000, atatafuta 40,000. Tofauti ya shilingi 500 kwa mwezi imefanya mzigo kuwa mara mbili. Na hapa Eastlands ni nani ana kipato kimoja cha kila mwezi? Baba ni bodaboda, leo kapata 1,200, kesho mvua imenyesha kapata 300. Mama anauza mitumba, moto ukitokea sokoni mtaji wote umeenda. Fomu inauliza: familia yako inapata ngapi kwa mwezi? Wewe unajaza nini?

Mtu wa Dandora au Huruma angekuwa kwenye meza wakati mpango unapangwa, angeliuliza hilo dakika ya kwanza. Si lazima awe na PhD. Anahitaji tu kuwa ameishi.

Hii si lawama ya mtaani tu. Desemba 20, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitangaza mpango huo kuwa kinyume cha Katiba, akasema unabagua na kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo kwa muda, mpango ukaendelea. Lakini shika neno moja kutoka kesi ile: kushirikishwa. Ni haki yako, imeandikwa kwenye kifungu cha 10. Hakuna anayekufanyia hisani akikuuliza maoni.

Najua unachofikiri. "Mimi ni nani wa kusimama mbele ya maprofesa?" Basi sikiliza habari ya jirani yako.

Miaka ya 1950 kulikuwa na kijana aliyekaa Ziwani, hapa hapa Eastlands. Alikuwa mkaguzi wa afya wa halmashauri ya jiji, baadaye akaongoza vyama vya wafanyakazi. Digrii hakuwa nayo, alisoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford. Jina lake Tom Mboya. Mwaka 1959, akiwa na miaka 28, umri wangu na pengine wako, alikwenda Marekani na kuzunguka vyuo na kumbi kwa wiki kadhaa, akitoa hotuba karibu 100. Ujumbe wake ulikuwa wazi: wakoloni wametufungia milango ya vyuo, vijana wetu wana akili lakini hawana nafasi, tusaidieni. Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Septemba mwaka huo ndege ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Miongoni mwa walioondoka 1960 alikuwa Wangari Maathai, aliyekuja kushinda tuzo ya Nobel.

Mboya hakungoja aalikwe na wenye ratiba. Alijua shida ya watu wake kwa jina, akaenda kuisema pale pesa ilipo, halafu akarudi akahakikisha ndege imeruka. Hotuba na ufuatiliaji, vyote viwili.

Sisi tufanye nini basi? Hatuna ndege. Tuna simu, tuna misikiti, tuna kumbi za mitaa, tuna sheria. Nakupa kazi nne.

Kwanza, ukisikia kongamano lolote la karo, mikopo au basari, tafuta ratiba mapema. Ukiona hakuna mwanafunzi kwenye orodha ya wazungumzaji, waandikie waandaaji, kwa adabu: tunaomba dakika 10 za mwanafunzi kutoka mtaa wa kipato cha chini. Wakikataa, omba nafasi ya kuuliza swali. Swali zuri la nusu dakika linaweza kushinda hotuba ya saa nzima.

Pili, beba maswali matatu na usitoke nayo bila kuyauliza. Mwanafunzi asiyetaka riba anajaza wapi kwenye fomu? Familia isiyo na mshahara wa mwezi inapimwa vipi? Na aliyewekwa bendi isiyo yake akikata rufaa, anajibiwa baada ya siku ngapi? Kama majibu yapo, tuyabandike kila msikiti na kila saiba kuanzia Pumwani mpaka Komarock. Kama hayapo, tujue ni nani anayepaswa kuyatafuta.

Tatu, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandika barua kwa ofisi ya umma, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Huhitaji wakili. Weka nakala, andika tarehe. Wakinyamaza, barua hiyo ndiyo ushahidi wako. Kifungu cha 119 pia kinakupa haki ya kupeleka ombi Bungeni, na sahihi za vijana wa mitaa kumi si mchezo.

Nne, na hii ni ya nyumbani: usiache tarehe ya mwisho ikupite ukiwa bado unabishana. Uliza mapema, amua mapema. Ukiona umewekwa bendi isiyolingana na maisha yenu, kata rufaa. Na kama ulishachukua mkopo, usijifiche. Anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na jina lake linaweza kupelekwa kwa wale wanaotunza rekodi za wadaiwa. Huna kazi? Waandikie mapema uwaeleze, na uweke nakala.

Nitamalizia na yule kijana wa Majengo. Wiki iliyopita nilimpitia jioni, amechoka, mabega yanamuuma. Nikamwambia kuna kongamano lingine linakuja na nataka yeye ndiye aulize lile swali la riba. Akacheka. "Mimi na hizi viatu?" Nikamwambia ndiyo, wewe na hizo viatu. Akanyamaza kidogo, halafu akaenda ndani akatoa barua ya chuo chini ya godoro, akaikunjua. Akaniuliza, "Nikienda, niibebe?"

Ibebe, ndugu yangu. Na wewe unayesoma hapa, ibebe yako. Siku hiyo kutakuwa na maiki ya maswali, na tutakuwa wengi kwenye foleni, inshaallah.