Faida ya Karatasi Haijazi Mfuko

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia katika tarakilishi, na mali yaweza kupotea ilhali habari zake zimechapishwa kwa wino safi. Mimi ni mwanaisimu, si mhasibu. Hata hivyo, nashikilia kwamba tatizo hili ni la lugha sawa na lilivyo la hesabu.

Neno taslimu lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni kukabidhi. Fedha taslimu, basi, ni zile zilizokwisha kukabidhiwa, wala si zilizoahidiwa. Faida haina sharti hilo: huhesabiwa pindi mauzo yafanyikapo, hata kama mnunuzi hajalipa ndururu. Ndiyo maana kanuni ya kimataifa ya uhasibu nambari 7, iliyoandikwa upya mwaka 1992, yataka taarifa ya mtiririko wa fedha igawanywe katika mafungu matatu: fedha za shughuli za kawaida, fedha za uwekezaji, na fedha za ugharimiaji, yaani mikopo, marejesho yake na mitaji ya wenye mali.

Tuseme duka la ushirika la walimu limeuza sare za shilingi 900,000, lakini 600,000 kati ya hizo ni deni kwa wazazi. Sare zenyewe zilinunuliwa kwa shilingi 500,000 taslimu. Faida ya mauzo ni 400,000. Shangwe! Lakini shughuli za kawaida zimeingiza 300,000 na kutoa 500,000: pengo la 200,000. Duka likanunua mashine ya 150,000, kisha likakopa 450,000. Lililoanza mwaka na 50,000 benki sasa lina 150,000.

Programu itakayoonyesha tu kwamba fedha zimeongezeka kwa 100,000 haitasema uongo, ila itapotosha. Wanachama watadai gawio, na watalipwa kwa mkopo ambao wao wenyewe wataurejesha pamoja na riba.

Kwa hiyo, taarifa inayostahili jina hilo sharti ionyeshe salio la mwanzo, mafungu matatu pasipo kuyachanganya, na salio la mwisho linalowiana na hesabu ya benki. Mkopo usiitwe mapato. Aidha, ieleze ni kwa nini faida na fedha zimetofautiana: wadaiwa wameongezeka kiasi gani, bidhaa ngapi zimelala ghalani, uchakavu wa vifaa umekatwa kiasi gani bila senti kutoka mfukoni.

Nawasihi walimu wa biashara wasiridhike mwanafunzi anapojua kubonyeza kitufe na kutoa karatasi. Naye mwanafunzi, apewapo taarifa, aulize maswali matatu: fedha zimetoka wapi, zimekwenda wapi, na zilizosalia ni za nani? Asiyeuliza ataliona pengo siku benki itakapokuja kudai chake.