Sheria iko, faranga haiko

Bandugu vijana wa Kolwezi! Tangu 2017 sheria inasema: kazi ambazo migodi inagawia wengine (usafiri, chakula, nguo za kazi) ni za kompani za Wakongomani. Vizuri. Nikaenda banki na diplome, na mradi wa kushona kombinezo. Swali moja tu: parsele yako iko wapi? Parsele! Baba yangu mwenyewe ni lokateri. Basi wenye kuazimisha majina kwa wageni ndio wanakula soko letu.

Kodi ya migodi ya 2018 inapatia jimbo 25% za redevansi, miji na sekta 15%. Tunadai sehemu yake iwe dhamana ya mikopo ya vijana, na orodha ya waliopata ibandikwe kwenye mlango wa meri, kila mwezi.