Uyoga na Maradhi ya Saratani



Mvua zikianza kunyesha katika nchi ya Aru, uyoga huchomoza kwenye vichuguu, nao akina mama na watoto hutoka alfajiri kuuchuma. Ni chakula chema, wala hatuna neno la kuulaumu. Lakini siku hizi husemwa pia ya kuwa uyoga huponya saratani, yaani maradhi ambayo wengi huku kwetu huyaita kansere. Yafaa tulipime neno hilo kwa utulivu, maana mzazi ashikaye nusu ya ukweli aweza kumpoteza mtoto wake.

Tuanze na lililo kweli. Mwaka 1969 mtaalamu wa Japani, Goro Chihara, pamoja na wenzake, walitangaza ya kuwa wametoa kitu cha jamii ya sukari katika uyoga uitwao shiitake. Kitu hicho kikaitwa lentinani. Panya wenye uvimbe walipodungwa lentinani, uvimbe wao ulinywea. Tena haikuwa sumu ya kuua uvimbe wenyewe; iliamsha askari wa mwili, ndizo zile chembe za damu zitulindazo na maradhi. Kitu kingine kiitwacho PSK kilitolewa katika uyoga uotao juu ya magogo, nacho kikaruhusiwa kuwa dawa huko Japani mwaka 1977. Lentinani ikafuata mwaka 1985.

Lakini aliyesoma mwanzo wa habari hana budi kusoma na mwisho wake. Kwanza, kwa kawaida madaktari wa Japani hawakuzifanya dawa hizo kuwa tiba peke yake. Zilikuwa msaidizi wa upasuaji na wa dawa kali za saratani. Pili, lentinani ilitiwa katika mshipa kwa sindano, tena kwa kipimo cha miligramu. Haikunywewa katika mchuzi. Tatu, uyoga wa vichuguu vyetu si shiitake, wala kila uyoga si chakula: uko uuao watu.

Sasa tutazame jambo lililo karibu nasi zaidi. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa kisiwa cha Ayalandi, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya yote, ya juu na ya chini, kulia na kushoto. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, ambao leo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alifunga safari ya motokaa ya kilometa zipatazo 16,000, akiuliza hospitali baada ya hospitali mahali ugonjwa ulipoonekana. Mmoja wa wenzake wawili katika safari hiyo alikuwa Ted Williams, daktari wa hospitali ya Kuluva karibu na Arua, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Wakatambua ya kuwa ugonjwa huo hukaa katika nchi za joto na mvua, kama malaria ikaavyo. Mwaka 1964 wataalamu watatu wa London, Epstein, Achong na Barr, walitangaza kirusi walichokiona katika chembe za uvimbe zilizotoka Uganda.

Basi saratani hiyo si habari ya mbali. Huwashika watoto wadogo, nayo hukua upesi kuliko karibu saratani zote za binadamu. Jumatatu mama aona taya limevimba kidogo. Kabla ya juma kwisha uvimbe waweza kuwa mkubwa maradufu.

Je, mimea haina nguvu juu yake? Inayo, tena kubwa. Liko ua dogo, la rangi ya waridi au jeupe, ambalo watu wengi hulipanda mbele ya nyumba zao kwa uzuri tu. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Katika majani yake wataalamu walitoa dawa iitwayo vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963, na hadi leo ni moja ya dawa zinazowaponya watoto wenye ugonjwa wa Burkitt. Lakini achemshaye majani ya ua hilo hapati dawa hiyo kwa kipimo. Apata mchanganyiko wenye sumu. Hata vinkristini safi, ikizidi kidogo, hudhuru mishipa ya fahamu. Ndiyo sababu daktari humpima mtoto uzito kabla ya kujaza sindano.

Kwa hiyo hatusemi ya kuwa dawa za porini ni upuuzi. Twasema hivi: ua lile lilijaribiwa, likasafishwa, likapimwa, likaponya watoto. Uyoga ulijaribiwa, ukaonekana kuwa msaidizi kwa baadhi ya wagonjwa watu wazima. Unga wa uyoga uuzwao sokoni haukupata kuponya taya la mtoto.

Nanyi wazazi, mkiona taya la mtoto limevimba, au meno yake yamelegea kabla ya wakati, au tumbo lake limejaa bila sababu, msingoje siku ya soko wala msijaribu unga kwanza. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo. Kama amekwisha kupewa unga wowote, mwambieni daktari waziwazi, maana dawa mbili zisizojuana zaweza kugombana mwilini. Nanyi wanafunzi, mkiona dalili hizo kwa mdogo wenu, semeni nyumbani mara moja.

Uyoga uwe kitoweo mezani, na mtoto apate dawa yake mapema, maana asiyeziba ufa hujenga ukuta.