KASI YA VIDOLE SI UFUNDI



Imezuka dhana mbaya kwa wanaojifunza banjo, na baadhi ya walimu ndio wanaoipalilia: kwamba fundi ni yule apigaye kasi, na kwamba wolzi, yaani mwendo wa mapigo matatu, ni mambo ya wazee na wasiojiweza. Sisi twasema huu ni upotofu, na hoja zetu ni hizi.

Kwanza tufahamiane. Banjo tuikusudiayo si taishokoto, ile ala ya vibonyezo iliyotoka Japani ikazoeleka katika taarabu za Mombasa. Ni ile ya Marekani, yenye nyuzi tano na ngozi iliyowambwa, ambayo asili yake ni Waafrika waliovushwa bahari utumwani, wakaiunda kwa buyu.

Hoja ya kwanza ni ya hesabu. Mwanafunzi hufundishwa kuzungusha vidole vitatu kwa sauti nane, nazo hukaa sawasawa katika mapigo manne. Akiletewa wolzi, huzishindilia zile nane mahali pa sita. Mapigo humponyoka, na mwimbaji hana pa kukanyaga. Dawa yake ni nyepesi: gumba lipige uzi mnene kwa pigo la kwanza, kwa nguvu; kisha vidole vichune nyuzi nyembamba kwa la pili na la tatu, kwa upole. Hayo yakisha kutulia, ndipo azungushe sauti sita, mbili kwa kila pigo.

Hoja ya pili ni ya historia. Watatwambia kuwa mwaka 1954 Elvis Presley aliugeuza wimbo wa "Blue Moon of Kentucky" kuwa wa mapigo manne, nao ukapendwa. Ni kweli. Lakini mtunzi wake, Bill Monroe, aliurekodi kwa wolzi mwaka 1946, na mpiga banjo wake alikuwa Earl Scruggs, bingwa wa hiyo kasi wanayoitukuza! Na Monroe alipourekodi tena mwaka 1954, alianza kwa matatu ndipo akaingia manne. Je, hawa wajua kuliko mwenye wimbo?

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni ya amana. Mpigaji amewashikia wenziwe mapigo. Akiyapoteza, amewapotezea wote. Kasi hufunika makosa, lakini wolzi huacha nafasi baina ya sauti, na ukichelewa kidogo kila sikio litajua. Hiyo ndiyo sababu wanaikimbia! Na akimbiaye mahali kosa lake linapoonekana hajifunzi, anajificha.

Basi ewe mzazi unayelipa ada, usimwulize mwalimu kama mwanao ameshaweza kupiga kasi. Uliza hivi: akipiga matatu, mwimbaji aweza kumtegemea? Kama hawezi, fedha zako zimenunua kelele. Nawe kijana, hesabu kwanza. Mwenda pole hajikwai.