Neno la Mhariri: Gharama ya Kupokelewa

Daktari Tenma alimuunda Atomu ili azibe pengo la mwanawe aliyekufa ajalini, kisha akamuuza kwa mwenye sarakasi alipoona kwamba mtoto huyo wa chuma haongezeki kimo. Katuni hiyo ya Tezuka Osamu, Tetsuwan Atomu, ilianza kuchapishwa mwaka 1952, na mkondo wake haujakauka katika manga na anime hadi leo: mtoto asiye na kwao, mwenye mwili unaomtenga na wengine, anatafuta watu watakaomwita mwenzao. Linalotajwa kwa nadra ni gharama aliyotozwa. Wanadamu wanampa Atomu nafasi kwa kuwa anawapigania. Mfululizo wa televisheni ulioanza Januari 1, 1963 ulimalizika siku ya mwisho ya mwaka 1966, Atomu akijitosa kwenye jua ili dunia isalimike.

Uhakiki mwingi wa miaka ya karibuni unazisoma hadithi za aina hii kama dawa ya moyo wa mtu mmoja. Mhusika anajichukia, anapata rafiki, anajifunza kujipenda, na hapo mhakiki anaweka kalamu chini. Usomaji huo ndio uliolifanya toleo hili kuwa la lazima, maana unamtwisha aliyetengwa kazi yote. Unamdai ajikubali, na waliomtenga hawaulizwi kitu. Kazi bora za manga hazikuandikwa hivyo, na hata zile zilizoandikwa hivyo zina nyufa zinazofaa kuchunguzwa.

Naruto ya Kishimoto Masashi, iliyochapishwa katika Shonen Jump kuanzia 1999 hadi 2014 kwa sura 700, ndiyo mfano ambao wasomaji wengi watauleta kwanza. Kijiji cha Konoha kinamkwepa Naruto kwa sababu ndani yake amefungiwa mbweha wa mikia tisa aliyewaua watu wao siku mtoto huyo alipozaliwa. Yeye mwenyewe hajui sababu, kwa kuwa Hokage wa Tatu, mkuu wa kijiji, aliwakataza watu wazima kuitaja. Miaka inapita, adui aitwaye Pain anakigeuza kijiji kuwa kifusi, Naruto anamzuia, na wanakijiji walewale wanambeba juu kwa shangwe. Wasomaji wengi hulia wanapofika hapo, na wana haki ya kulia. Lakini shangwe zile zimechukua nafasi ya swali: watu wazima wa kijiji kizima waliwezaje kumnyima mtoto yatima hata salamu kwa zaidi ya miaka kumi? Laiti Naruto angezaliwa mnyonge, asiye na kipaji wala nguvu ya mbweha, Konoha ingempokea lini?

Kishimoto mwenyewe alikuwa ametoa jibu jingine katika sura ya kwanza kabisa. Iruka, mwalimu ambaye wazazi wake waliuawa na mbweha huyohuyo, anaikinga kwa mgongo wake silaha iliyomlenga Naruto, kisha anamtangaza kuwa mwana wa Konoha. Wakati huo Naruto hajawahi kumshinda adui yeyote. Ni mtundu aliyefeli mtihani. Iruka anampokea bila kumdai kitu, tena akiwa na sababu kubwa kuliko wengi ya kumkataa. Makala ya kwanza ya toleo hili inaifuata safari ya Naruto kwa umakini na upendo, ila inaishia kwenye shangwe kana kwamba ndizo haki yenyewe. Msomaji anashauriwa kuisoma huku sura ya kwanza ikiwa mkononi.

Filamu ya Miyazaki Hayao, Mononoke Hime, inaitia hoja hii ugumu, na ndiyo maana imepewa makala mbili. Katika mji wa wafua chuma, Bibi Eboshi amewahifadhi wagonjwa wa ukoma, akawaosha vidonda kwa mikono yake na kuwapa kazi ya kuunda bunduki. Miyazaki ameeleza hadharani kwamba wakati wa kuitunga filamu hiyo alikwenda Tama Zenshoen, hospitali ya wagonjwa wa ukoma mjini Tokyo, isiyo mbali na kwake. Sheria iliyoruhusu wagonjwa kutengwa na jamii ilifutwa mwaka 1996. Filamu ilitoka Julai 1997. Watazamaji wa kwanza wa Japani waliwaona wagonjwa hao kwenye kiwambo wakati ambapo maelfu ya wenzao halisi walikuwa wamezeekea ndani ya kuta za hospitali. Wagonjwa wa Eboshi wanamheshimu kwa dhati, na kazi imewarudishia utu. Hata hivyo bunduki wanazounda ndizo zinazoangamiza msitu na viumbe wake. Huruma ya Eboshi haitenganishwi na vita vyake, na filamu haimpi mtazamaji njia rahisi ya kumhukumu.

Kazi inayoivunja kabisa desturi ya kulipia kupokelewa ni Koe no Katachi ya Oima Yoshitoki. Historia ya kuchapishwa kwake inafundisha peke yake. Hadithi fupi ya awali ilishinda tuzo ya waandishi wapya, lakini ikakaa kwa muda mrefu bila kuchapishwa kwa sababu wahariri walihofia mada ya kumwonea mtoto kiziwi. Ilitoka mwaka 2011, baada ya kupitiwa na Shirikisho la Viziwi la Japani. Mfululizo kamili ulifuata mwaka 2013 na 2014, ukakusanywa katika juzuu saba. Mama yake Oima ni mkalimani wa lugha ya alama, na ujuzi huo wa nyumbani unaonekana katika mikono aliyoichora kwa uangalifu.

Nishimiya Shoko anahamia darasa la Ishida Shoya katika shule ya msingi. Ishida anamwonea, anamng'oa vifaa vya kusikia na kuvitupa, mpaka mama yake Ishida analazimika kulipa yeni milioni 1.7. Darasa lilicheka, baadhi walishiriki, na mwalimu alijua. Mkuu wa shule alipokuja kuuliza, mwalimu na wanafunzi walimnyooshea kidole Ishida peke yake, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyetengwa. Darasa halikujirekebisha, lilibadilisha mtu wa kubeba mzigo tu. Hakuna ukurasa katika manga ya miaka hiyo unaoonyesha kwa uwazi zaidi jinsi kundi linavyojitengenezea mgeni wake.

Shoko naye hulipa kila siku, na malipo yake ni kuomba radhi. Anatabasamu anapoumizwa, anaomba msamaha kwa kuwasumbua wanaomsumbua, na hatimaye anajiona kuwa chanzo cha balaa zote zilizowapata wengine, hadi anajaribu kujiua. Mhakiki anayesema kwamba Shoko anahitaji kujifunza kujipenda ameanzia mahali pasipofaa. Msichana huyu alifundishwa na watu wengi, kwa miaka mingi, kwamba kuwapo kwake ni usumbufu. Oima anawafuata watu hao mmoja mmoja. Katika juzuu ya sita, Ishida akiwa amelala hospitalini bila fahamu, sura zinawapokezana wahusika waliomzunguka: Nagatsuka, Sahara, Kawai, Mashiba, Ueno, na Shoko mwenyewe. Kila mmoja anaonekana alivyojisamehe mapema au kujihukumu kupita kiasi. Kawai, anayeamini kabisa kwamba hakutenda lolote, anatisha kuliko Ueno anayekiri chuki yake waziwazi.

Filamu ya Yamada Naoko, iliyotengenezwa na Kyoto Animation mwaka 2016, ni kazi ya ustadi mkubwa katika sauti na mwanga. Imebidi ipunguze mengi, na yaliyopungua zaidi ni hayohayo ya kundi: mradi wa vijana wa kutengeneza filamu umeondolewa, na sura za wenzao zimebanwa. Hadithi inafungwa katika tamasha la shule, pale alama za X alizokuwa akiziona Ishida kwenye nyuso za watu zinapodondoka naye akalia. Manga inaendelea mbele ya hapo, hadi sherehe ya kutimiza utu uzima, ambako Ishida na Shoko wanafungua mlango wa chumba walimo wanafunzi wenzao wa zamani. Mwandishi wa makala ya nne anaiona filamu kuwa bora kuliko manga kwa sababu imeingia ndani zaidi ya nafsi ya Ishida. Hoja yake imejengwa vizuri, na toleo hili limeichapisha ingawa mhariri hakubaliani nayo hata kidogo.

Kwamba kujichukia hufundishwa na wengine, Hagio Moto aliliona mapema. Katika Iguana no Musume, hadithi fupi ya mwaka 1992, mama anamwona binti yake mkubwa kuwa kenge, na binti anakua akijiona hivyo kwenye kioo ilhali watu wengine wanaona msichana wa kawaida. Mama anapofariki, binti anautazama uso wa marehemu na kukuta ni wa kenge. Chuki ilikuwa ya mama kwa nafsi yake, akairithisha. Makala inayoihusu ndiyo fupi kuliko zote humu na ndiyo bora. Ile ya Evangelion inapitia tena mabishano juu ya makofi yanayomzunguka Shinji katika kipindi cha mwisho cha Machi 1996. Ile ya Fruits Basket inaonyesha vizuri kwamba ukombozi wa Kyo ulihitaji kuvunjika kwa kifungo cha ukoo mzima wa Sohma.

Otouto no Otto ya Tagame Gengoroh, ya mwaka 2014 hadi 2017, inamleta Mike kutoka Kanada nyumbani kwa Yaichi, pacha wa marehemu mume wa Mike. Mike ni mpole, mchangamfu na hana doa, kiasi kwamba hata wema wake unafanana na ada ya kuingilia. Kinachoiokoa hadithi ni kwamba anayechunguzwa ni Yaichi, kwa fikra anazoziona zikipita kichwani mwake kabla hajazitamka.

Golden Kamuy ya Noda Satoru inajadiliwa kwa upande wa lugha: mtaalamu wa Kiainu, Nakagawa Hiroshi, alisimamia maneno ya msichana Mwainu, Asirpa, na jamaa zake. Wasomaji wakumbuke kwamba hadithi inatukia Hokkaido baada ya vita vya Japani na Urusi, chini ya sheria ya 1899 iliyowasukuma Waainu kwenye kilimo na kuachana na maisha yao, sheria iliyodumu hadi 1997.

Kwa wasomaji wa Afrika kuna deni jingine. Tezuka aliyempa roboti machozi ndiye aliyewachora Waafrika katika Jungle Taitei, kuanzia 1950, kwa midomo na miili ya dhihaka iliyoigwa kutoka katuni za Magharibi. Malalamiko yalipozidi mnamo 1990, mwaka mmoja baada ya kifo chake, wachapishaji waliambatanisha maelezo kwamba michoro hiyo inaumiza watu na kwamba imeachwa ilivyo kwa kuwa mwandishi hayupo tena kuibadilisha. Uamuzi wa kutoificha ni sahihi. Kuisifu huruma ya Tezuka bila kuzifungua kurasa hizo si sahihi, na makala mbili za toleo hili zimerudishwa kwa waandishi wake kwa sababu hiyo kabla ya kukubaliwa.

Pengo kubwa lililobaki ni la Wakorea wa Japani, ambao hakuna makala iliyoletwa kuwahusu. Hadashi no Gen ya Nakazawa Keiji, iliyoanza mwaka 1973, ina bwana Pak, jirani Mkorea anayeisaidia familia ya Gen wakati mtaa mzima umeisusa kwa sababu baba yao anapinga vita. Baada ya bomu la Hiroshima, baba yake Pak ananyimwa matibabu kwa kuwa ni Mkorea. Mwaka 2023 bodi ya elimu ya jiji la Hiroshima iliiondoa manga hiyo katika vitabu vyake vya kufundishia amani. Kurasa za toleo lijalo ziko wazi kwa mwandishi atakayemshughulikia Pak kwa kina anachostahili.