Bei Isiyojua Saa

Kila yanapotajwa mambo ya betri za kuhifadhia umeme wa jua, wakubwa wetu wana jibu la tayari: ni ghali, na wawekezaji hawapo. Nalikataa. Mwekezaji haji kwa sababu bei tuliyoiandika wenyewe inamfukuza.

Wenzangu wa umri huu watakumbuka mahindi ya miaka ya 1970. Bei ya Serikali ilikuwa moja nchi nzima, wakati wa mavuno na wakati wa njaa. Mkulima ajenge ghala ili apate nini? Kazi ya kuhifadhi ikabaki kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, na madeni yake tunayajua. Ghala huishi kwa tofauti ya bei ya leo na ya baadaye.

Sasa tazama umeme. Mwaka 2012 EWURA ilitangaza bei za wazalishaji wadogo wanaoiuzia TANESCO. Kwenye Gridi ya Taifa uniti ilikuwa Sh. 183.05 miezi ya kiangazi, Agosti hadi Novemba, na Sh. 137.29 miezi mingine. Basi walijua kwamba uniti ya wakati wa dhiki si sawa na ya wakati wa neema. Lakini kwa maeneo yaliyo nje ya gridi, sisi wa Mafia tukiwamo, bei ilikuwa moja: Sh. 480.50, mwaka mzima, usiku na mchana. Anayemimina umeme wa jua saa saba mchana alilipwa sawasawa na ambaye angeuweka autoe saa mbili usiku, wakati Baleni na Kilindoni zimewasha taa na jenereta zinakunywa dizeli iliyovushwa baharini. Huyo wa pili amenunua betri, na umeme kidogo umempotea humo. Mwanachuo wangu wa ualimu angeikokotoa hasara hiyo bila karatasi. Mwaka 2015 bei zilipangwa upya kwa aina na ukubwa wa mtambo. Saa haikuguswa.

Husemwa nchi maskini haiwezi kulipia kitu kinachosubiri tu. Je, mkataba wa IPTL wa mwaka 1995 ulikuwa nini? Mitambo ya mafuta ya Tegeta, megawati 100, ilipoanza kazi mwaka 2002 ililipwa kwa kuwapo tayari, iwake isiwake. Kusubiri tulikulipia, tena sana!

Australia, ilikojengwa betri ya Hornsdale mwaka 2017, iliacha Oktoba 2021 kulipa umeme kwa wastani wa nusu saa, ikalipa kwa kila dakika tano. Soko la namna hiyo Mafia lingekuwa mzaha. Naomba vifungu viwili tu katika mkataba: bei ya juu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, na malipo ya kila mwezi kwa betri itakayopimwa ikakutwa imejaa jua linapotua. Sheria ya Umeme ya 2008 imewapa EWURA kazi ya kupanga bei. Kiangazi walikwisha kukiandika. Waandike na usiku.